Uzoefu wangu: sayansi ya watoto kwenye simu, hapa Goma

Wazazi wenzangu mnaotafuta kitu cha kuwafundisha watoto sayansi kwenye simu, msianze kwa kutazama picha zinavyong'aa. Mimi nauliza mambo mawili tu. Mega za intaneti zikiisha, kinaendelea kufanya kazi? Na je, kinamsaidia mtoto kuelewa kile anachokikanyaga kila siku, yaani hili jiwe jeusi la volkano yetu, Nyiragongo? Vingi nilivyojaribu vilianguka kwenye swali la kwanza, sikuwa na haja ya kuuliza la pili.

Nina watoto watatu. Mkubwa yuko sekondari, wa kati anamalizia shule ya msingi, mdogo ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Simu ni yangu, na kuna laptopu kuukuu isiyokaa na chaji.

Tulichodumu nacho kuliko vyote ni Kiwix. Ni programu ya bure inayofungua maktaba nzima bila intaneti: unapakua faili mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, unaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, basi, umeachana na habari za mega. Wikipedia nzima ya Kifaransa ni mzigo mzito kwa simu za kawaida. Chukueni Vikidia, ensaiklopedia iliyoanzishwa 2006 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 13. Sentensi zake ni fupi na Kifaransa chake ndicho kile kile wanachokutana nacho darasani. Umeme ukikatika jioni, na hukatika, wao wanaendelea kusoma. Kwa mdogo haina mengi, kwa sababu ni maandishi; yeye hutazama picha na kuwasumbua wenzake.

Kwa upande wa fizikia, PhET haina mpinzani. Ni maigizo ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, yaliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Kila igizo lina kitufe cha kulipakua, na baada ya hapo linafunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Kifaransa kipo, na baadhi yamewekwa hata kwa Kiswahili. Mkubwa wangu alikuwa amezoea saketi za kuchorwa ubaoni. Humu anakamata betri, waya na balbu kwa kidole, anaunganisha, taa inawaka. Kuna sarafu, penseli, kifutio, hata mbwa, vyote vya kupimwa kama vinapitisha umeme. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inashika moto. Kwa mtaa kama wetu, ambapo kila mtu ni fundi wa kujiunganishia nyaya, hilo peke yake linatosha kumfanya mzazi alipakue.

Nije sasa kwenye volkano, kwani huko ndiko maswali yote ya nyumbani kwangu yanakotoka. Karibu kila tovuti ya sayansi ya watoto ina lile jaribio la jikoni: kilima cha udongo, bikarbonati ndani, siki yenye rangi nyekundu juu yake, povu linafurika, watoto wanapiga makofi. Binti yangu wa kati, ambaye tulikimbia naye usiku ule wa 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, alitazama video mpaka mwisho, akasema, "Mama, ile si volkano." Na alisema kweli. Lava ni mwamba ulioyeyuka kwa joto, haihusiani na siki. Ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji kwa sababu ina silika kidogo, yaani ile madini inayoifanya lava kuwa nzito, ndiyo maana 2002 na 2021 ilipasua ubavu wa mlima na kuteremka upesi kuelekea mjini. Video za watoto huonyesha mlima unaorusha majivu angani, na mtoto wa Goma anabaki kujiuliza kama wanasema habari za mlima wake.

Jaribio lenyewe lakini nisingelitupa. Povu lile linatoa kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo hewa ya mazuku, yaani yale mabonde na mashimo yanayojaa hewa ya kuua. Watoto wetu wanakatazwa tangu wadogo kuchezea mabondeni na kwenye mashimo ya upande wa Mugunga, wanaambiwa mbuzi hufia humo. Sababu hawaambiwi. Basi nikachukua beseni lenye kina, nikasimamisha ndani mishumaa miwili, mmoja mfupi kama kidole gumba na mwingine mrefu, nikaiwasha. Katika beseni hilo hilo nikaweka kikombe cha bikarbonati na kumimina siki polepole. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, kwa hiyo kwa muda kulikuwa hakuna cha kutazama, na mdogo akaanza kulalamika. Halafu mwali wa mshumaa mfupi ukayumba, ukajikunja, ukazimika. Ule mrefu ukaendelea kuwaka. Mdogo akaweka kiganja kichwani pake, kisha akatazama urefu wa dada yake. Hakuhitaji maelezo zaidi: kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa tunayovuta, inajaa chini kwanza, na mahali ambapo mtu mzima anasimama bila shida, mbwa au mtoto aliyeinama anaweza kukosa pumzi.

Dirisha liwe wazi, mzazi awepo, na jaribio liishie kwenye beseni. Mazuku yenyewe hayaendewi na mtoto, awe na mshumaa au asiwe nao.

Kwa viumbe tunatumia Seek, programu ya watu wa iNaturalist, mradi uliozaliwa Berkeley, California, mwaka 2008. Nimeipenda kwanza kwa sababu haimtaki mtoto afungue akaunti. Unaelekeza kamera kwenye mmea au mdudu, na vidoti saba vinajaa kimoja kimoja, kutoka himaya mpaka spishi. Isipokuwa na hakika inakomea kwenye familia au jenasi, haikutungii jina. Watu wazima wengi wangejifunza hapo. Mawe ya lava ya nyuma ya nyumba, ambayo nilidhani hayana kitu, yalitupatia kangaga za aina mbalimbali na likeni, ule utando wa kijivu unaotangulia kuota kwenye lava iliyopoa. Siku moja walikuta kinyonga kwenye ua. Kwa mila za mtaani huyo ni mkosi, hupigwa mawe. Safari hii walisimama kimya wakishindania simu, maana jicho moja lilikuwa linawatazama wao na jingine linatazama nyuma.

Kuna programu moja ya kulipia, jina nitaliacha, ambayo iliwapendeza sana wiki ya bure ilipokuwa haijaisha. Kisha ikadai kadi ya benki. Sina, na majirani wengi hawana. Pesa zetu ziko kwenye simu, na humo haikukubali kulipwa. Watoto walilia. Tangu hapo sipakui kitu kabla sijaona kinalipiwaje.

Kuhusu anga, Space Place ya NASA imetengenezwa vizuri na haina malipo, ila imeandikwa kwa Kiingereza na Kihispania. Mkubwa alijitolea kuwatafsiria wadogo zake habari za sayari. Alifika Mshtarii, akasema kazi hii ina bei yake, alipwe kwa mega.