Uzoefu wangu na WinSCP na OpenSSH kwenye kompyuta za steshenari, Mwanjelwa

Wakuu, steshenari yetu iko Mwanjelwa hapa Mbeya. Mbele kuna kompyuta za kupokelea kazi za wateja, nyuma kuna moja yenye nguvu ya kuhariria picha na video za harusi. Zote ziko kwenye ruta moja, na ruta hiyohiyo ndiyo ilikuwa inawapa wateja Wi-Fi wakisubiri kuprintiwa.

Ili kuhamisha faili za kazi kutoka mbele kwenda nyuma, fundi aliyetufungia mtandao alituwekea seva ya FTP, njia ya zamani ya kutumiana faili kati ya kompyuta. Ilifanya kazi, sikatai. Lakini FTP ilibuniwa mwaka 1971, na kanuni zake zinazofuatwa hadi leo ni za 1985, enzi ambazo waliokuwa mtandaoni karibu wote walikuwa wanafahamiana. Jina na nenosiri vinapita poti (mlango wa mtandao) 21 bila kufichwa, kwa hiyo kijana anayejua kunasa data anaweza kuvisoma akiwa amekaa kwenye benchi letu la wateja. Chrome na Firefox ziliiondoa FTP 2021, na sikushangaa.

Tukahamia SFTP. Hii nayo ni ya kutumiana faili, ila inapita ndani ya SSH (njia salama ya kuunganisha kompyuta), poti 22 peke yake, na kila kitu kinasimbwa, kuanzia nenosiri hadi faili lenyewe. Kwenye kompyuta ya kupokea sikununua kitu: Windows 10 tangu toleo la 1809 ina OpenSSH Server, programu inayopokea miunganisho ya SSH, unaiongeza tu kwenye vipengele vya hiari. Za kutuma zina WinSCP, programu ya kutuma faili kwa SFTP, nayo ni ya bure.

Ninachoipendea WinSCP zaidi ni inavyovumilia umeme wetu. Faili likizidi KB 100 huliandika kwanza kwa jina la muda linaloishia .filepart, halafu hulipa jina lake likishafika lote. Umeme ukikatika katikati ya video nzito, ukirudi unaendelea pale ulipoishia, na mhariri hawezi kufungua nusu ya harusi akidhani ni nzima. Angalizo: huduma ya OpenSSH ikishasakinishwa haijiwashi yenyewe kompyuta ikiwaka. Iweke Automatic mapema, la sivyo kila umeme ukirudi kaunta watakuita.

Nenosiri tumeachana nalo, tunatumia funguo, yaani jozi ya faili mbili zinazothibitisha anayeingia. WinSCP inakuja na PuTTYgen ya kuzitengenezea. Ufunguo wa siri unabaki kompyuta ya mbele, wa wazi unakwenda ya nyuma. Hapa ndipo maelekezo mengi yanapowapoteza watu. Akaunti ikiwa ya admin, Windows hailisomi faili la authorized_keys (orodha ya funguo za wazi zinazokubaliwa) lililo kwenye folda ya mtumiaji, inasoma administrators_authorized_keys ndani ya C:\ProgramData\ssh. Unaweza kukesha ukidhani ufunguo ni mbovu. Mimi naona bora ufungue akaunti ya kawaida ya kupokelea kazi tu, kisha kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya OpenSSH, uzime PasswordAuthentication na uifungie akaunti hiyo folda moja kwa ChrootDirectory. Weka na ForceCommand internal-sftp, maana bila hiyo mtu akiingia kwa dirisha la amri kile kizuizi cha folda hakimhusu.

Mara ya kwanza kuunganisha, WinSCP inakuonyesha alama ya ufunguo wa seva (fingerprint), inayoitambulisha kompyuta unayoiunganisha. Ilinganishe na ile iliyo kwenye kompyuta ya nyuma kabla ya kukubali. Vijana wa kaunta nimewaambia onyo hilo likitokea tena siku nyingine wasibonyeze, waniite.

Kasoro zipo. WinSCP ni ya Windows tu, kwa hiyo mwenye Mac atafute nyingine. Vitufe ni vingi, mgeni anachanganyikiwa. Halafu ukihifadhi nenosiri ndani yake bila kuweka nenosiri kuu, linafichwa kidogo tu. Anayeikalia kompyuta hiyo anaweza kulitoa.

Wateja sasa wana Wi-Fi yao ya wageni, na fayawoli ya kompyuta ya nyuma inaruhusu poti 22 kwa anwani za kompyuta za mbele pekee. Naipa nyota nne. Ila kama unataka kupokea kazi kutoka Tunduma au Njombe kupitia intaneti, mpangilio huu haukutoshi: usiende kufungua poti 22 kwenye ruta, tafuta kwanza mtu wa kukuwekea VPN, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta za mbali kupitia intaneti.