Kuchagua zana ya vifurushi vya JavaScript: angalia diski kwanza

Mwezi uliopita, nikiwa nyumbani Mwanga hapa Kigoma, kompyuta yangu ya mtumba iligoma katikati ya kazi ya mteja kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Muuzaji alinihakikishia kuwa ni ya GB 256, kumbe ni 128, na niliporudi dukani alisema bidhaa ikishatoka mlangoni hairudishwi. Nilifuta akiba ya npm, zana ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript (yaani msimbo uliokwisha andikwa na wengine, si bando la intaneti), ili nipate nafasi, na jioni hiyo mradi uliofuata ukashusha kila kitu upya hadi bando la wiki likaisha. Wengi hupima zana hizi kwa kasi; mimi sasa nauliza kwanza kifurushi kimoja kinakaa mara ngapi kwenye diski.

Kwa kipimo hicho, naipendekeza pnpm bila kusita. Huweka faili katika bohari moja, kisha huziunganisha na kila mradi bila kuzinakili, hivyo miradi saba yenye toleo lilelile la React, kifurushi cha kujengea kurasa za wavuti, hulibeba mara moja tu. Vifurushi vyote vikiwa tayari bohari, amri ya pnpm install --offline husakinisha mradi mpya bila intaneti. Viungo hivyo havivuki diski: ukilazimisha bohari ikae kwenye diski ya nje huku miradi iko ndani, faili zitanakiliwa na faida itapotea. Mradi wa zamani unaweza pia kukwama mwanzoni, kwa kuwa pnpm hairuhusu kutumia kifurushi ambacho hakikutajwa kwenye package.json, faili linaloorodhesha vifurushi vya mradi, na ukali huo umenionyesha makosa niliyoishi nayo muda mrefu.

Yarn, iliyotolewa na Facebook mwaka 2016, naiweka ya pili. Matoleo yake mapya yanaweza kuhifadhi vifurushi kama faili za zip ndani ya mradi, kwa hiyo mwenzangu wa Ujiji huniletea kazi nzima kwa flashi.

npm huja pamoja na Node.js, programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, na inafaa kwa mwenye mradi mmoja. Bun, zana nyingine ya kazi hii, ni ya kasi, lakini sijaikabidhi kazi ya mteja.

Kinachoniuma zaidi ni bando kuisha muda wake huku MB nilizozilipia bado zipo. Saa chache kabla halijakatika, huendesha pnpm fetch kwenye mradi unaofuata, ili MB hizo ziingie bohari badala ya kupotea.