BMS ya 16.8V kwenye seli za LiFePO4: nilichouziwa na kilichoharibika

Kama unaunda betri ya 12V kwa seli nne za LiFePO4 (aina ya lithiamu), kabla hujatoa hela geuza bodi ya BMS, ile inayolinda seli na kuzisawazisha, usome volti yake ya kujaa. Inatakiwa 14.6V. Ukikuta 16.8V, irudishe palepale kaunta. Hiyo ni ya seli zinazojaa kwa 4.2V, kama zile za laptopu.

Mimi niliuziwa ya 16.8V, Kariakoo, kabla ya masika. Nilitaja LiFePO4 mara mbili. Muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake: "Kaka, 4S ni 4S, we kafunge." Si kweli! 4S ni idadi ya seli zilizofuatana, haikwambii seli moja inajaa kwa ngapi.

Ubaya wake hauonekani haraka. Betri inachaji, inveta inawaka, unadhani mambo safi. Mita kwenye ncha kuu ilisoma 14.20V, ndivyo kontrola ya sola ilivyopangwa. Nikapima seli mojamoja: 3.38, 3.39, 3.38, na ya nne 4.05! Mwisho wa LiFePO4 ni 3.65V. Bodi ilikuwa imetulia tu, kwa sababu yenyewe inasubiri seli ifike kama 4.25V ndipo ikate. Kusawazisha nako, yaani kuzifanya seli ziwe na chaji sawa, inaanza karibu na 4.2V, kwa hiyo seli hizi haijawahi kuzisawazisha hata siku moja. Ile ya nne imevimba ubavuni, rula haikai sawa juu yake. Seli ikishavimba haitengenezeki. Usiibane kwa mbao ukaendelea nayo, itoe.

Niliporudi dukani nikajibiwa nimeiunguza mwenyewe. Bodi haijaungua, na hicho ndicho kinachoniuma. Kwa haki niseme: si bodi mbaya. Waya zake nene, haikupata moto hata inveta ilipovuta ampea 60. Mwenye seli za laptopu anunue. Lakini duka lile sirudi, na nikikumbuka bei ya seli moja, hata hiyo sifa natamani kuifuta.

Ukibadilisha bodi, funga B- (waya mnene wa hasi ya betri) kwanza, kisha waya nyembamba za kupima seli, soketi yake iwe bado haijachomekwa kwenye bodi. Ncha nyeusi ya mita ikae kwenye waya wa kwanza, ile wa hasi, na kwa nyekundu pima kila pini inayofuata: takriban 3.3, 6.6, 9.9, 13.2. Namba ikiruka au ikirudia, waya umekosewa, na ukichomeka hivyo bodi inaungua papo hapo.

Bodi sahihi nayo haifanyi miujiza. Nyingi husawazisha kwa miliampea 50 hivi, maana yake tofauti ya 5Ah inataka saa 100 za kukaa betri ikiwa imejaa, na sola haikupi saa hizo. Sawazisha mwenyewe kwanza: chaji seli zikiwa zimefuatana hadi moja ifike 3.6V, zifungue, ziunge sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kisha chaja ya maabara uipange 3.65V kabla ya kuiunganisha. Acha hadi ampea zishuke karibu na sifuri. Usipime usawa wa seli zikiwa 3.3V. Hapo zote husoma sawa hata kama moja ina nusu ya chaji ya mwenzake. Tofauti hujitokeza kuanzia 3.4V kwenda juu.

Kwenye kontrola, zima kabisa ile chaji ya kusawazisha betri za maji, weka 14.2V ya kujaza na 13.5V ya kushikilia. Vipande vya shaba vinavyounga seli vipige msasa, kaza nati, na baada ya wiki chache za kazi uzikague tena, maana hulegea. Ukigusa kiungo kimoja kikawa cha moto kuliko vingine, tatizo liko hapo.

Bodi naipa nyota tatu. Nilikuwa nimeandika nne, lakini nimetoka kuitazama ile seli tena.