Niliambiwa Mikono Yangu Ina Jasho: Ziara Yangu katika Duka la Mifarishi, Mombasa

Nimekaa na jambo hili kwa majuma kadhaa nikidhani hasira zitapoa, lakini kila nikilifungua kabati na kuuona mfarishi wa marehemu bibi yangu, naanza upya. Ni afadhali niliandike nipumue.

Ilikuwa katika miezi ya kaskazi, wakati ambao Mombasa hata kivulini mtu hutota. Wifi yangu alikuwa amesikia kwamba katika Mji wa Kale kuna duka, ambalo jina lake sitalitaja, linalouza mifarishi (matandiko ya vipande vya nguo vilivyoungwa) iliyoshonwa kwa mkono, na kwamba ghorofani mwake kuna chumba cha maonyesho ya nguo. Siku hiyo tulikuwa Barabara ya Biashara kutafuta kisutu, ile leso ya bibi harusi, cha mwari wetu, tumeshinda tukivutana bei, tukaona tuteremke kwa miguu tukafurahishe macho. Mimi nimeshona tangu utotoni. Sijiiti fundi, ila sindano naijua, na kukaa mbele ya mfarishi ulioshonwa na mtu aliyetulia ni starehe yangu kama ilivyo ya wengine kukaa Forodhani wakitazama majahazi.

Hatukukaribishwa. Kijana aliyekuwa akiuza alikuwa ameketi chini ya feni ya pekee mle ndani, nayo ilikuwa imeelekezwa kwake peke yake. Alivitazama vikapu vyetu, akaturudi usoni, kisha akairudia simu yake. Nilimsalimu mimi, mtu mzima ninayeweza kuwa mama yake, akaniitikia kwa kichwa. Nikajisemea kwamba huenda hajalala vizuri, huenda hajalipwa mshahara wake, nikameza.

Juu ya kitanda cha kamba kilichowekwa kwa maonyesho palitandikwa mfarishi wa vitenge vya buluu na vyeupe, vipande vya pembe tatu vilivyopangwa kwa akili sana, na juu yake kikaratasi kilichosema kwamba umeshonwa wote kwa mkono. Bei iliandikwa kwa dola. Kila aliyewahi kushika uzi anajua kwamba mfarishi hausomwi kwa mbele, husomwa kwa nyuma. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazokabana katikati ya nguo, kwa hiyo mshono wake ni mstari usiokatika pande zote mbili. Mkono una uzi mmoja unaozama na kuibuka, ukaacha nafasi kati ya tundu na tundu, na hata awe fundi wa namna gani, mahali fulani atakuwa amechoka na mshono ukarefuka kidogo. Nyuma ndiko kwenye mafundo, ndiko kwenye bandi, ile mishono ya muda, zilizosahauliwa kufumuliwa, ndiko mtu alikojificha. Basi nikaishika pembe moja, nikaigeuza kwa adabu zote.

Mshono ulikuwa wa cherehani tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mbele tu, ukingoni, ndiko kulikopitishwa uzi mzito kwa mkono, kama mtu anayepaka rangi mlango wa mbele na kuuacha ua umebomoka.

Kabla sijasema neno, kijana alikuwa ameshafika. Aliichukua ile pembe mkononi mwangu, hakuiomba, akailaza na kuipigapiga kama anayefuta vumbi. "Usifunuefunue, mama," akasema. "Mikono ina jasho."

Naomba msomaji aisikie sauti yake. Hakusema kwamba mfarishi huu ni wa thamani, wala hakusema tafadhali. Alisema mikono ina jasho, mbele ya wifi yangu na mbele ya wageni wawili waliokuwa wakijaribu mikoba, na mmoja wa wageni hao, nimtaje au nisimtaje, alikuwa amemkalisha mwanawe juu ya mfarishi wa pili na mtoto anakula aiskrimu. Yule hakuambiwa kitu. Mwezi wa kaskazi, feni umejielekezea wewe, mkono wa nani usingekuwa na jasho? Na nguo gani hiyo isiyostahimili jasho? Anayeshona mifarishi kwa leso (yaani kanga) au kitenge huzilowesha kwanza, akazifua mpaka kanji itoke na nguo irudi kadiri inavyotaka kurudi, na nyekundu huiloweka katika maji ya chumvi achunguze kama inachuja, ndipo atie mkasi. Ikiwa jasho la kiganja changu lingeharibu kazi ile, basi haikufuliwa kabla ya kushonwa, na aliyeinunua kwa dola ataijua siku ya kwanza atakapoiosha.

Nilimwambia, "Mwanangu, hii imeshonwa kwa cherehani." Akanijibu kwamba wateja wao wanaoelewa hawana shaka. Wanaoelewa! Wifi yangu akanivuta mkono, nasi tukapanda ghorofani, kwa sababu kiingilio tulikwisha kulipa mlangoni na mimi si mtu wa kuacha hela yangu kwa mtu aliyenitukana.

Hapa ndipo maandishi yangu yanapoharibika, kwa sababu chumba kile cha juu kilinikosha, na sikutaka kukoshwa. Kilikuwa kidogo, madirisha yamefunguliwa, upepo wa bahari unapita. Ukuta mmoja ulikuwa na picha za mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, ambako wanawake weusi walishona kwa suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa ili watoto wasilale na baridi, mpaka mwaka 2002 mifarishi hiyo hiyo ikatundikwa kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York, kama michoro ya wachoraji wakubwa. Nilisimama mbele ya picha moja yenye goti la suruali ambalo buluu yake ilibaki kali pale palipokuwa na kiraka na kupauka kwingine kote, nikasahau kwamba nimekasirika. Ukuta wa pili ulihusu Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawaanzi katikati. Huanzia pembeni wakizunguka kuelekea ndani, wakibandika vipande vya sari na nguo kuukuu kimoja juu ya kingine, na kwenye pembe nne hutia vijipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, maana yake maua. Nilikuwa sijapata kuona namna ile ya kushona kwa karibu. Watu waliovushwa bahari hii yetu, wengine utumwani, wajukuu wao wanashona kwa kuzunguka, nami nimesimama upande wa pili wa maji hayo hayo nikihesabu tundu za sindano. Hilo peke yake linastahili kiingilio mara mbili.

Lakini angalia kadi iliyowekwa chini ya leso. Iliandikwa kwamba ufundi wa kuunga vipande vya nguo "uliletwa hivi karibuni" Pwani na wahisani. Hivi karibuni! Leso yenyewe imepataje jina lake? Ni neno la Kireno, lenço, kitambaa cha mkono, na masimulizi tuliyorithi ni kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vile vitambaa vikiwa bado vimeungana kwenye jora, wakavikata sita sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini wakapata vazi moja. Leso ya kwanza ilikuwa nguo ya kuungaunga. Kiwanda kilikuja baadaye kikaiga kazi ya sindano zao, kikachapa pindo na mji (sehemu ya katikati) kwa pamoja, na majina, yaani yale maneno yanayoandikwa juu yake, yakafuata, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Sasa mtu anakaa mwendo wa dakika chache kutoka Barabara ya Biashara na kuandika kwamba tulifundishwa juzi. Bibi yangu alikuwa na mfarishi wa leso zilizochakaa, tabaka juu ya tabaka, aliokuwa akiutandika juu ya kitanda cha kamba ili kamba zisimchore mgongo, na hakuna mhisani aliyewahi kupita uani kwetu isipokuwa muuza maji. Nilimwomba binti aliyekuwa akilinda chumba anipatie kalamu nisahihishe kadi. Alicheka, akaniambia, "Shikamoo bibi, kalamu nikikupa nitafukuzwa," na kwa shikamoo ile peke yake nikamsamehe.

Ni huyo binti aliyenionyesha kitu ambacho ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Tulipokuwa tukishuka alininong'oneza nitazame rafu ya chini kabisa nyuma ya mlango, nyuma ya mito. Kulikuwa na mfarishi umekunjwa vibaya, hauna kikaratasi wala dola. Niligeuza pembe yake haraka, jasho na yote, yule kijana akiwa anafunga bidhaa za wageni. Uzi mmoja, unaozama na kuibuka. Mshono mdogo mdogo upande mmoja, kisha kwa shubiri nzima mshono umelegea na kurefuka, kama usiku umeingia na taa ni mbaya, kisha ukakaza tena. Ndani yake kulikuwa na leso tano au sita tofauti, na aliyezikata hakujali majina, kwa hiyo maneno yamebaki nusu nusu, mengine yamepinduliwa kichwa chini. Kipande kimoja kilikuwa cha ile leso ya "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mkasi ulimpitia mgeni. Amebaki mwenyeji peke yake, anapona.

Nilicheka kwa sauti, na kicheko ndicho kilichotuponza, kwa kuwa kijana aligeuka akaniona nimeukumbatia. Sitarudia aliyosema. Nilimuuliza bei, akataja shilingi elfu kumi na nane huku akinyoosha mkono arudishiwe, na mimi, badala ya kumwambia kwamba kwa kazi ile bei hiyo ni ndogo mno na aliyeushona amedhulumiwa, nikamjibu kwa kiburi kwamba nguo iliyotupwa nyuma ya mlango hainunuliwi kwa pesa hizo. Nikatoka. Nimejuta kabla sijafika kwenye kona ya kwanza.

Kwa hiyo nishauri nini? Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wasikanyage pale, na kwa habari ya duka la chini nasimama palepale: wanauza cherehani kwa jina la mkono, na wana mtu asiyejua tofauti kati ya mteja na mwizi. Ila nikisema msiende, nitakuwa nimewanyima chumba cha juu, na kile chumba, pamoja na kadi yake ya uongo, ni kitu ambacho ningependa kila msichana anayejifunza kushona Mombasa akione. Nendeni asubuhi, kabla jua halijakaza. Lipeni kiingilio, pandeni moja kwa moja juu, msitazame kushoto. Kama mtamkuta binti wa juu, mwambieni bibi wa kalamu anamsalimu.

Au labda nimemkalia kijana vibaya. Wifi yangu anasema mikono yangu kweli ilikuwa na jasho, na kwamba nilikuwa nimetoka kula maembe ya pilipili njiani, jambo ambalo sikuliandika hapo juu kwa sababu nilinawa. Nilinawa vizuri.

Nimepanga kurudi baada ya mwisho wa mwezi, nikishatengeneza fungu la harusi. Yeyote atakayetangulia, mfarishi ninaousema uko rafu ya chini nyuma ya mlango, nyuma ya mito, wenye "mwenyeji apone" karibu na pembe. Utazameni, ugeuzeni nyuma mhesabu mishono, kisha ukunjeni vizuri kuliko mlivyoukuta. Ila tafadhali sana, msiununue.