Hifadhi ya jamii kwa wahamiaji: Uingereza, Ujerumani na Sweden

Kabla ya kuuliza nchi inatoa kiasi gani, uliza haki zenyewe zimefungwa kwenye nini: viza, michango ya kazini au makazi.

Uingereza inakatisha tamaa. Viza nyingi za muda hubandikwa sharti la kutogusa fedha za umma. Kodi unakatwa kama raia, lakini posho ya watoto, ruzuku ya kipato na nyumba za halmashauri si zako. Matibabu nayo unayalipia kabla hujasafiri: tangu Februari 2024 ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Wazazi wawili na watoto wawili wenye viza ya miaka 3 hutoa pauni 10,866 kwa mkupuo, mbali na ada ya viza. Ni mzigo usio wa haki hata kidogo. (Viza ya wahudumu wa afya imesamehewa ada hii.) Wengi huogopa kudai hata malipo ya uzazi kupitia mwajiri, ilhali sharti lile haliyahusu.

Ujerumani inamtendea haki zaidi mwenye ajira. Bima ya afya ya umma ni asilimia 14.6 ya mshahara, pamoja na nyongeza ya mfuko wako wa bima, na mwajiri hubeba nusu. Mwenzi na watoto wasio na kipato huingia bila mchango. Ukichangia miezi 12 ndani ya 30 kisha ukapoteza kazi, unapata asilimia 60 ya mshahara baada ya makato, au 67 ukiwa na mtoto. Usichanganye fao hili na ruzuku ya msingi inayotokana na kodi: fao umelichangia, bali ukitegemea ruzuku, kibali kinaweza kukwama siku ya kukihuisha. Waombaji hifadhi wanaoishi kwa posho hubanwa vikali. Kwa miezi 36 ya mwanzo hutibiwa hasa maumivu na maradhi ya ghafla, na ugonjwa sugu unaweza kuachwa usubiri.

Sweden naipa alama za juu, kwa kuwa haki nyingi hufuata makazi. Peleka pasipoti na kibali Skatteverket, ofisi ya kodi, uandikishwe. Namba ya utambulisho ndiyo ufunguo. Posho ya mtoto ni krona 1,250 kwa mwezi. Ila lazima ukusudie kuishi huko mwaka 1 au zaidi, hivyo mwenye kibali cha miezi 11 huambulia namba ya muda, isiyofungua milango hiyo. Bima ya kukosa kazi haiji yenyewe: jiunge na a-kassa, mfuko wa bima hiyo, mara tu unapoanza kazi.