Kamba ya kuruka ya shilingi 300 imenifaa kuliko jimu

Nimetumia kamba ya kuruka karibu miezi saba sasa na naandika kwa sababu najua wako wengi hapa Nairobi wanaishi kama mimi, unatoka kwako kabla jua halijachomoza, unarudi giza lishaingia, na kila mtu anakwambia fanya mazoezi.

Nauza vifaa vya simu Luthuli Avenue, nakaa Umoja. Mwanzo nililipia jimu moja ya tao, miezi mitatu kwa mpigo, mashine safi na kochi anakufuatilia vizuri, lakini duka tunafunga saa moja jioni, nifanye mazoezi nitoke saa mbili na nusu, nipige laini ya matatu, Jogoo Road bado ni jam, nafika nyumbani saa nne na mtoto ashalala. Mwezi wa pili nilienda mara tatu tu. Iliniuma sana, nikadhani ni uvivu, kumbe shida ilikuwa hiyo saa yenyewe.

Kamba nilinunua kwa mchuuzi pale stejini. Naamka saa kumi na moja na nusu napanda juu ya gorofa pale tunapoanika nguo, kando ya matangi ya maji, naruka dakika moja napumzika kidogo narudia, hadi zifike dakika 15 za kuruka. Siku tano kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki au 75 ya nguvu, na kamba ni ya nguvu kabisa, kwa hivyo 15 mara tano ndio hizo 75 na sijapanda gari lolote. Wiki mbili za kwanza pumzi ilikata haraka, siku hizi ngazi za kwetu napanda na ndoo ya maji bila kusimama.

Kasoro ipo. Ile ya kwanza ilikuwa waya uliovikwa plastiki, na sementi ya huko juu inakwaruza, baada ya wiki sita plastiki ikaliwa pale katikati panapogusa chini, waya ukatokeza ukanichapa kwenye muundi nikatoka damu. Sasa ninayo ya shanga za plastiki, shilingi 550, na natandika mkeka wa mpira, maana mama wa orofa ya juu alinisimamisha ngazini akaniambia, "Jirani, dari yangu unaipiga ngoma na mtoto anashtuka." Alikuwa na haki, nikamwomba msamaha. Tangu mkeka uje hajalalamika.

Mvua ikinyesha siruki, sementi inateleza vibaya. Jumapili nikipata nafasi tunaenda na mtoto Karura, ule msitu aliopigania Wangari Maathai, tunatembea hadi kwenye maporomoko.

Ukienda kununua, kanyaga kamba katikati kwa mguu mmoja, vishikio vifike kwapani. Mwenye magoti mabaya aone daktari kwanza. Na kama unarukia sementi, ya waya usichukue.