Kupima magonjwa ya zinaa Korea Kusini: kituo cha umma au kliniki binafsi?
Korea Kusini, ambako mwanamke asiyeolewa huweza kunong'onwa akionekana tu kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, suala la mahali pa kupimia magonjwa ya zinaa haliishi kujadiliwa. Kwa gharama na usiri, kituo cha afya cha umma, kiitwacho bogeonso, kinatangulia, kwani kipimo cha VVU hutolewa bure na bila kutaja jina, hata kwa mgeni. Kasoro yake ni saa za ofisi za serikali. Mwajiriwa hulazimika kuomba ruhusa kazini, na anayeomba ruhusa huulizwa sababu.

Kliniki binafsi hulipiwa, na ukitumia bima ya taifa ziara yako hubaki kwenye kumbukumbu, lakini nyingi hufunguliwa Jumamosi. Kliniki pia ndiko hutafutwa cheti cha dawa za kuzuia mimba. Vidonge vya kila siku huuzwa famasi bila cheti cha daktari, ilhali kidonge cha dharura, kinachomezwa baada ya ngono, hukihitaji. Naona mambo yamepinduliwa, maana mwenye haraka ndiye anayewekewa kizuizi. Kijana anayetegemea bima ya wazazi atafaidika zaidi na bogeonso. Mwenye dalili tayari, au anayekimbizana na saa 72 ambazo kwa kawaida kidonge cha dharura humezwa ndani yake, aende kliniki.